Shangazi, mume wangu anataka tumalize pamoja, mimi nataka kushuka chini ya saa 2

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, naishi Kisasa hapa Dodoma. Tulihamia mwaka 2019 ofisi yetu ilipohamishiwa Mtumba. Kukimbia nilianza kwa sababu ya uzito tu, nikajiunga na klabu ya jogingi ya mtaani. Kila Jumamosi alfajiri tunatoka Kisasa hadi viwanja vya Nanenane, tunarudi. Huu ni mwaka wa nne na mbio zimeshakuwa sehemu yangu.

Mwaka juzi nilikwenda Moshi na wenzangu wa kazini, nikakimbia kilomita 21 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 18. Ile njia inapanda kuelekea Mweka mpaka mapaja yanawaka moto, ndipo unageuza na kushuka, na bado nilifika mwisho nikiwa na nguvu. Tangu siku ile nina kitu kimoja kichwani: kushuka chini ya saa 2.

Mume wangu ana miaka 46. Mwanzoni alikuwa ananisindikiza kwa gari, baadaye naye akanunua raba, nikafurahi sana. Mwaka jana, kwenye mbio za hapahapa Dodoma, akasema tukimbie kifamilia: yeye, mimi na mdogo wake anayeishi nasi. Alikuwa amefanya mazoezi wiki 3. Tulipoachiwa tu akatoka na vijana. Kilomita 5 za kwanza tulizimaliza kwa dakika 25 na sekunde 40, kasi ambayo hata mimi siwezi kuishika safari nzima. Nilimwambia apunguze, akanipungia mkono.

Kilomita ya 12 kigimbi kikamkaza, akakaa chini pembeni ya barabara. Shemeji alikuwa ameshatangulia. Nilipiga magoti nikamkanda, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Shangazi, nakiri kwako: mikono yangu ilikuwa kwenye mguu wake, macho yangu yalikuwa kwenye saa. Tukatembea, tukakimbia kidogo, tukatembea tena. Tulimaliza kwa saa 2 na dakika 41. Kwenye mstari alinishika mkono akauinua juu, na picha hiyo ndiyo iko sebuleni kwetu. Kwenye picha ninacheka. Nyumbani niliingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Mwaka huu nimeanza mazoezi mwezi Machi. Wiki 2 zilizopita nilikimbia kilomita 18 kwa wastani wa dakika 5 na sekunde 38 kwa kilomita, kesho yake nikaamka mzima. Zimebaki wiki 8, naona kabisa inawezekana. Lakini mume wangu ameshatangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba tunakimbia 21 wote watano, yaani na binti yetu wa miaka 17 na mdogo wake wa miaka 12, tumevaa tisheti zenye jina la ukoo, na tutavuka mstari tumeshikana mikono. Nilipomwambia taratibu kwamba mwaka huu ningependa niende mwenyewe, alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Kwa hiyo mimi ni mzigo?" Kesho yake akaongeza, "Dakika tatu tu, Mama, zina nini?" Na mama mkwe, yuko Kondoa, akapiga simu kunikumbusha kwamba mke hamwachi mumewe barabarani.

Rafiki yangu wa klabu ananishauri nianze nao, kilomita ya 5 nipotelee kwenye umati, nitajieleza baadaye. Mwingine anasema nijisajili kimyakimya kwenye mbio za mkoa mwingine, nyumbani niage nina semina. Yote mawili yananitia hofu. Shangazi, je, huu ni ubinafsi? Na kama siyo, nifanyeje?

Mama Wawili, Kisasa

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale bafuni. Mumeo anaijua picha ya sebuleni. Ya bafuni haijui. Mwaka mzima anapita mbele ya ile picha akiamini siku ile ilikuwa tamu kwa wote wawili, sasa unapomwambia unataka kwenda mwenyewe, anasikia kwamba unaikataa ile siku, na yeye ndani yake. Ndiyo maana neno lililomtoka ni "mzigo". Hilo ni neno la mtu aliyekaa chini kwenye vumbi huku wenzake wanampita, mdogo wake ametangulia, mkewe amempigia magoti. Anaikumbuka kilomita ya 12 kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo swali lako nalijibu wazi: siyo ubinafsi. Umelea, umefanya kazi, umeamka saa 11 alfajiri miaka minne kwenye upepo wa Dodoma, na mwaka jana ulipotakiwa kuchagua kati ya saa na mume, ulikaa na mume. Kutaka asubuhi moja iwe yako si kumnyang'anya mtu kitu. Lakini hujamwambia. Ulimwambia "ningependa niende mwenyewe", hukumwambia kwa nini, wala hukumwambia kilichokutokea mwaka jana. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla hatujazungumza habari ya kasi.

Mwambie nje ya nyumba. Usimwambie usiku kitandani, wala jikoni watoto wakiwa wanapita. Mtoe jioni mtembee, ninyi wawili, hata kama ni hapo mtaani tu, kwa sababu watu wanaotembea bega kwa bega huongea mambo magumu kwa urahisi kuliko wanaotazamana. Mwambie maneno ya aina hii: "Baba, mwaka jana nilikaa na wewe kwa kuwa nilitaka, na ukianguka tena nitakaa tena. Ila kuna kitu sikukwambia. Nilipofika nyumbani nililia, kwa sababu kuna namba ninaitafuta tangu Moshi, na nilikuwa nimeiona." Kisha mtajie namba. Mwonyeshe zile kilomita 18 kwenye saa yako. Mtu anayekupenda akishaijua namba, anaanza kuihesabu pamoja nawe. Asipoijua, anaona tu mke anayemkimbia.

Na hilo la dakika tatu, usimjibu kwa hasira. Mkumbushe Septemba 2025, kule Tokyo. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, mkoa wa jirani yetu hapa, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48. Aliyekuwa wa pili, Mjerumani Amanal Petros, aliandikiwa muda uleule, 2:09:48. Baada ya kilomita 42 waliachana kwa sehemu 3 za mia za sekunde, ikabidi picha iamue nani bingwa. Najua wewe hukimbilii medali ya dunia. Lakini nchi nzima tulishangilia kipande cha sekunde, na mumeo bila shaka alishangilia, basi anaweza kuelewa kwamba dakika 3 na sekunde 18 ni kitu kikubwa kwa mtu aliyezitolea jasho.

Sasa hao rafiki zako wawili. Ushauri wa kupotelea kwenye umati nauchukia kwa sababu mbili, na ya kwanza ni hesabu. Tuseme umeanza na familia kwa mwendo wao, dakika 7 kwa kilomita. Kilomita 5 zinakula dakika 35. Zimebaki kilomita 16 na kidogo, na kwenye saa 2 zako zimebaki dakika 85. Ili ufike utalazimika kwenda dakika 5 na sekunde 17 kwa kila kilomita mpaka mwisho. Wewe mwenyewe umeniambia mwendo wako wa kilomita 18 ni 5:38. Hutaiweza, mwanangu. Utaungua kilomita ya 14, utamaliza kwa saa 2 na ushei, na nyumbani utakuta watu wamenuna. Utakuwa umekosa muda na umekosa amani, vyote asubuhi moja.

Sababu ya pili naijua kwa uchungu. Nilishafanya hivyo. Nilianza mbio nina miaka 41, na mwaka wangu wa pili nilimwahidi dada yangu tungekuwa pamoja mwanzo hadi mwisho. Kilomita ya 6 alishikwa na kichomi, akasimama kushika mbavu, nami nikamwambia "nitakusubiri mbele". Sikumsubiri. Tulishapatana siku nyingi, lakini hajavaa raba tena tangu siku ile, na kila ninapofungua barua kama yako namwona pale pembeni ya barabara ameshika mbavu. Mtu akiambiwa tangu mwanzo kwamba leo kila mmoja na mwendo wake, haumii. Anaumia akiachwa katikati ya ahadi.

Na ile semina ya uongo iache kabisa. Ukianguka kwenye barabara ya mkoa mwingine, nyumbani watakuwa wanakutafuta ukumbini.

Kuna jambo jingine ambalo sidhani baba watoto amelitazama. Kijana wa miaka 12 hakimbii kilomita 21. Waandaaji wengi huweka umri wa chini kwa mbio hizo, na hata wasingeweka, mwili unaokua hautakiwi kulazimishwa umbali huo kwa sababu ya picha. Huyo ni wa kilomita 5. Binti wa miaka 17, someni masharti kwanza, na kama hajawahi kupita kilomita 10 kwenye mazoezi basi aende 10. Kwa hiyo ule mpango wa watano kushikana mikono ulikuwa umeshavunjika kabla yako. Liseme hilo mapema kwenye mazungumzo yenu, litakusaidia, maana mtaacha kubishana kama mke anawaacha wenzake na mtaanza kupanga nani anakimbia nini.

Mimi ningepanga hivi. Tisheti zivaliwe na wote, jina la ukoo mgongoni, hapo mumeo yuko sahihi na usimpinge. Kijana 5, binti 10, na mumeo 21 pamoja na mdogo wake. Shemeji mwaka jana alimwacha kaka yake, mwaka huu deni hilo alilipe yeye. Mwiteni mkae naye, aahidi mbele ya kaka yake kwamba hatatangulia hata hatua moja. Wewe usimame mbele yao kwenye mstari, na kila namba ikimbie na mwenye namba yake. Msibadilishane chipu hata kwa mzaha, kwa sababu chipu ndiyo inayoandika muda, na mtu akizimia barabarani namba yake ndiyo inayowaambia waokoaji yeye ni nani.

Mumeo asirudie kosa la mwaka jana. Watu wengi misuli ikikaza hukimbilia kulaumu chumvi au maji. Mara nyingi ni misuli iliyochoka kwa kulazimishwa mwendo isiouzoea, na mtu mwenye mazoezi ya wiki 3 anayekwenda 5:08 kwa kilomita anautafuta mkazo huo mwenyewe. Kwanza apime presha na sukari, umri wake si wa kupuuza. Kisha wiki hizi aongeze umbali kidogo kidogo, kila mwisho wa wiki kilomita moja au mbili juu ya zile za wiki iliyopita, mpaka afike 16, na wiki 2 za mwisho apunguze. Mwendo uwe ule ambao anaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Akishika dakika 7 na sekunde 5 kwa kilomita anamaliza chini ya saa 2 na nusu, dakika 11 nzuri kuliko mwaka jana. Umeona? Naye ana namba yake. Mpe hiyo namba siku hiyohiyo unapomweleza yako.

Kwa upande wako, kwenye uwezo sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni kilomita 3 za kwanza. Umesubiri miaka miwili, damu itakuwa inachemka, na kwenye baridi ya asubuhi ya Dodoma kila mtu anajiona mwepesi. Kilomita 5 za kwanza nenda 5:42, hata ukiona watu unaowazidi wanakupita. Kumi zinazofuata nenda 5:36. Ukifika kilomita ya 15 saa yako itasoma kama saa 1, dakika 24 na nusu. Hapo ndipo uanze mbio zenyewe, 5:30 kwa kilomita mpaka mwisho, nawe utakuwa kwenye saa 1 na dakika 58. Nimekuachia akiba ya karibu dakika 2 kwa makusudi. Saa ya mkononi mara nyingi itakuonyesha umekimbia 21.2 au 21.3, kwa kuwa kwenye kona na kukwepa watu hufuati mstari mfupi uliopimwa. Wengi wamelilia sekunde 20 kwa sababu waliiamini saa bila akiba.

Upepo wetu wa kiangazi hutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo sehemu yoyote ya njia inayoelekea upande wa barabara ya Dar es Salaam utaupokea usoni. Usipigane nao peke yako. Tafuta kundi la watu wanne au watano wa mwendo wako, kaa nyuma ya migongo yao, na mkigeuza mwache upepo ukusukume. Hewa yetu ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo kunywa kila meza ya maji hata kama huna kiu, mafunda mawili matatu tu. Usiku wa kuamkia kula wali au ugali mapema, acha maharage. Asubuhi uji na ndizi vinatosha. Mimi mfukoni hubeba zabibu kavu za hapahapa kwetu, kama konzi moja, nazila kilomita ya 9 na ya 14. Zijaribu kwanza kwenye mazoezi, tumbo halipendi mgeni siku ya mbio. Raba vilevile, usivae mpya.

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri, maana ndiyo niliyoifikiria zaidi. Ukimaliza kwa saa 1 na dakika 58 na mumeo akaja kwa saa 2 na nusu, mna dakika 32 katikati. Hizo usizitumie kupiga picha. Chukua medali yako, kunywa maji, vaa kitu cha kukukinga na upepo, pumua. Kisha rudi kwa miguu nyuma ya uzio, taratibu, mpaka mahali njia inapokuwa na kama mita 500 kufika mwisho. Simama hapo. Akitokea, mwite kwa jina lake, na umsindikize ukiwa pembeni, nje ya njia ya wakimbiaji. Usivuke tena mkeka wa mwisho unaosoma chipu, chipu yako isije ikachanganya muda wako na wa wengine. Ivue ile picha ya mwaka jana ukutani kwa kumpa nyingine. Mwambie mpango huu mapema, ajue kwamba kuna mtu anamngoja kwenye kona. Kilomita ya 18 itakuwa nyepesi kwake.

Halafu mpe asubuhi yake. Chagueni mbio nyingine za miezi inayofuata, mahali popote, ambazo wewe utaenda bila saa mkononi na kumsindikiza kilomita zote 21 kwa mwendo anaoutaka yeye. Mwambie tarehe, iandikeni kwenye kalenda ya ukutani. Ukishaitoa ahadi hiyo, ishike hata kama siku hiyo miguu itakuwa inakuwasha.

Na je, akikataa? Inawezekana. Akikataa jioni ya kwanza, usikate tamaa wala usinune. Mpe siku tatu, umuulize tena, na mara hii umuulize anaogopa nini. Akisema tena "mzigo", mwambie kilichokufanya upige magoti pale kwenye vumbi. Mwanaume akishasikia hilo kwa mdomo wa mkewe, mara nyingi neno lile linaondoka moyoni mwake.

Limebaki la mama mkwe. Kijana wa kilomita 5 atamaliza mapema sana, wakati ninyi wote bado mko barabarani, na anahitaji mtu mzima wa kukaa naye pale uwanjani. Mtu huyo ni bibi yake. Mpigie wewe mwenyewe Jumapili hii, usimtume mumeo. Msalimie, msikilize kama kawaida yake, kisha mwombe aje Dodoma siku mbili kabla, mwambie mjukuu wake anamhitaji kwenye mstari wa mwisho na kwamba nauli kutoka Kondoa utatuma wewe. Na muulize saizi ya tisheti yake kabla mumeo hajapeleka oda.